Nimerudi kutoka kuahirisha masomo, chuo kinanidai ada ambayo Bodi ilishalipa

Shikamoo Mama Mhasibu,

Mimi ni mwanafunzi wa shahada hapa Dodoma, nyumbani ni Kongwa, upande wa Kibaigwa. Nasoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo. Ada ya chuo chetu ni shilingi 1,300,000 kwa mwaka. Bodi inanilipia asilimia 70, yaani 910,000, na zile 390,000 analipa mzee akishauza alizeti. Mwaka jana alilipa sehemu yake yote mwanzoni mwa mwaka, kwa sababu anasema fedha ikikaa ndani inaota miguu.

Muhula wa pili nikasajiliwa kama kawaida, nikasaini bumu, ile fedha ya chakula na malazi, la robo ya tatu, 600,000, nikasaini na ada. Baada ya wiki chache mzee akaanguka, akaletwa mjini kufanyiwa upasuaji. Mama yuko nyumbani na wadogo zangu, mimi ndiye mkubwa, kwa hiyo uangalizi wa wodini ukawa wangu. Vipindi vikanipita. Mwezi wa nne nikaandika barua ya kuahirisha masomo, nikaambatisha karatasi za hospitali. Majibu ya kunikubalia yakatoka mwezi wa sita, wenzangu wakiwa wanajiandaa na mitihani.

Sasa nimerudi kuusoma upya muhula ule. Kwenye akaunti yangu ya chuo nimekuta ankara mpya ya 650,000, ada nzima ya muhula, kana kwamba mwaka jana hakulipa mtu. Dirishani wananiambia ada ikishalipwa hairudishwi. Ofisa mikopo anasema mambo ya ada ni ya uhasibu. Nikapiga simu Bodi, dada aliyepokea akanieleza kwa upole kwamba kwao inaonekana chuo kilishalipwa, nirudi chuoni. Na nikifungua akaunti yangu ya mkopo, ada ya ule muhula nilioahirisha imo kwenye deni langu. Yaani nadaiwa huku na huku kwa masomo ambayo sikuyasoma.

Nimesoma mtandaoni kwamba mwanafunzi akiacha masomo kabla ya asilimia 60 ya muhula, fedha lazima irudi. Mimi sikufika hata robo. Nataka nirudishiwe 650,000 zangu mkononi, halafu nitajua mwenyewe nalipa nini.

Presha iliyopo ni kwamba asiyemaliza ada hapati namba ya mtihani. Baba mdogo anataka kuuza ng'ombe, na kama hapana, aje mwenyewe aongee nao kiume. Binamu yangu anafahamiana na watu wa kausha damu, wale wakopeshaji wa riba kali, wanaotoa fedha siku hiyohiyo. Kuna na kijana wa steshenari ambaye ameniambia barua yangu ya kukubaliwa inaweza kupata tarehe ya mwezi wa tatu na muhuri wake, kwa 20,000 tu.

Halafu mwenzangu wa chumba ameacha kozi moja ya hiari na yeye anataka kudai ada ya kozi hiyo. Tuandike barua moja?

Mdaiwa wa Nkuhungu

*

Marahaba mwanangu. Pole ya kuuguza, na mzee azidi kupata nguvu.

Nitaanza na kijana wa steshenari, maana yeye ndiye anayeweza kukufukuzisha chuo kabla hujapata hata jibu la kwanza. Barua ya kukubaliwa kuahirisha ina namba ya kumbukumbu, nakala yake iko kwenye jalada lako kwa Msajili, na tarehe yake imeandikwa kwenye daftari la masjala. Ukipeleka yenye tarehe nyingine, mtu wa kwanza kulinganisha ataiona. Kughushi nyaraka ni kosa la jinai, na kamati ya nidhamu ya chuo haitakuuliza habari za mzee wala alizeti. Isitoshe, hukuwa na haja nayo. Barua uliyoandika mwenyewe mwezi wa nne, ya kweli, ndiyo silaha yako kubwa kuliko zote, na tutaifikia.

Sasa hiyo asilimia 60. Uliyoyasoma ni ya Marekani. Huko, kwa mikopo ya serikali yao kuu, mwanafunzi akijitoa katika masomo yote chuo kinapiga hesabu ya siku alizosoma ukilinganisha na siku za muhula. Akishavuka asilimia 60 anahesabiwa kuwa ameistahili fedha yote. Akiwa chini ya hapo, sehemu asiyoistahili inarejeshwa. Lakini angalia inarejeshwa kwa nani. Inarudi kwa aliyekopesha, na mara nyingine chuo kinamgeukia mwanafunzi huyohuyo kumdai pengo la ada lililobaki. Ukiingia na asilimia 60 kwenye ofisi ya uhasibu ya Dodoma, mtu aliyeko mezani atajua papo hapo kwamba hujafungua kanuni za ada za chuo chako. Fungua prospektasi, kile kitabu cha maelezo na kanuni za chuo, tafuta kifungu cha ada na kifungu cha kuahirisha masomo, piga picha kurasa zote mbili. Hivyo ndivyo vifungu utakavyovinukuu.

Tuje kwenye fedha yenyewe. Barua yako inaiita "650,000 zangu", na nadhani hapo ndipo kila ofisi inapopata njia ya kukupitisha mlango mwingine, kwa kuwa ndani yake mna fedha za watu wawili, na kuna fedha ya tatu ambayo hukuiweka kwenye hesabu kabisa.

Katika ada ya muhula ule, 455,000 ni za Bodi. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, haikupi ada mkononi. Inailipa kwa chuo, kwa orodha yenye majina, na wewe unasaini kuthibitisha. Tangu ulipoweka saini imekuwa deni lako kwa Bodi, lakini haijawahi kuwa fedha ya kuwekwa mfukoni mwako, hata chuo kikikiri kesho kwamba hukusoma siku hata moja. Ikitoka chuoni inarudi Bodi. Hakuna mhasibu mwenye akili zake atakayekuandikia hundi ya fedha hiyo, kwani mkaguzi akija swali la kwanza linakuwa hilo: nani alisaini, alikuwepo, na fedha ilikwenda wapi?

Zile 195,000 ni za mzee. Hizi ndizo unazoweza kuziita zenu, na hapo ndipo neno "hairudishwi" linapowahusu. Vyuo vingi vina kifungu cha aina hiyo, na kina sababu zake: mwanafunzi akishasajiliwa, kiti chake hakiwezi kuuzwa kwa mwingine katikati ya muhula. Ila kurudisha ni jambo moja, na kuhamishia fedha kwenye muhula utakaosoma ni jambo jingine. Uliyekuwa naye dirishani alijibu swali ulilomuuliza. Ulimuuliza juu ya kurudishiwa, akakusomea kanuni ya kurudishiwa. Nimekaa dirisha lile miaka mingi, foleni ikifika hadi nje kwenye jua, na ninakwambia mtu anayeitwa mia kwa siku hajibu swali ambalo hukuuliza.

Fedha ya tatu ni bumu, 600,000. Kwa kiwango cha 10,000 kwa siku kilichoanza mwaka wa masomo 2022/23, hiyo ni chakula na malazi ya siku 60. Ulisaini ukiwa mwanafunzi halali na uliitumia, nyingine bila shaka kwenye nauli na uji wa mgonjwa. Mimi sikulaumu. Lakini usiiingize kwenye malalamiko ya ada, kwa sababu chuo kitaanza kukuuliza siku ulizokuwa nje ulikuwa unakula bumu la nani, na mazungumzo yatahamia huko. Bumu lile ni deni, linabaki kwenye akaunti yako ya mkopo, utalilipa ukianza kazi. Unachohitaji kuuliza Bodi kupitia kwa ofisa mikopo, kwa maandishi, ni robo ipi utaanzia kulipwa baada ya kurudi, usije ukamwahidi mwenye nyumba wa Nkuhungu kodi ya fedha ambayo haipo kwenye ratiba.

Kwa nini ofisi zinakurusha kama mpira? Nitakueleza kwa upande wa ndani, kwa sababu wanafunzi hudhani kuna mtu mmoja aliyekaa na kuamua kuwaonea. Habari yako ya kuahirisha iko kwa Msajili. Fedha yako iko uhasibu. Jina lako kwenye orodha za Bodi liko kwa ofisa mikopo. Barua ya Msajili ya kukukubalia ilikuja kwako, na nakala ilipaswa kwenda ofisi nyingine mbili. Mara nyingi inakwenda ofisi moja, au inakwenda na kulala kwenye trei. Uhasibu wasipoipata, kwa mfumo wao wewe ulisoma muhula wa pili mwaka jana, ada ikaliwa na muhula huo, na sasa umejisajili upya, basi mfumo unatoa ankara mpya. Mfumo hauna habari za wodi. Ofisa mikopo naye kama hakuarifiwa mapema, Bodi haikuarifiwa, kwa hiyo kwao unaonekana umelipiwa na umesoma. Dada wa simu alikwambia kweli kabisa kwa kadiri ya kilichokuwa mbele yake.

Kwa hiyo kabla ya barua yoyote, pata karatasi mbili. Ya kwanza ni taarifa ya akaunti yako ya chuo tangu mwaka wa kwanza, ikionyesha kila kilichoingia na kila ankara. Usikubali kuambiwa salio kwa mdomo. Ya pili ni taarifa ya akaunti yako ya mkopo, ile inayoitwa SIPA, unayoingia kwa akaunti yako uliyoombea mkopo. Zikalishe pamoja mezani, utafute zile 455,000. Zitakuwa katika mojawapo ya hali tatu.

Huenda zimo chuoni, zimeandikwa jina lako kama salio ambalo hakuna aliyelihamisha. Hapo kazi ni ndogo: unaomba salio hilo pamoja na 195,000 za mzee vihamishiwe muhula huu, ankara inasoma sifuri, deni lako Bodi linabaki kama lilivyo kwa sababu hatimaye muhula uliolipiwa utausoma. Katika hali hiyo hakikisha Bodi hailipi tena ada ya muhula huu. Wakilipa mara mbili usifurahi, utakayedaiwa mara mbili ni wewe.

Huenda chuo kilizirejesha Bodi kama fedha ya mwanafunzi asiyekuwepo. Basi deni lako la Bodi lilipaswa kupungua kwa 455,000, na kwa maelezo yako halijapungua, kwa hiyo ama hazijarejeshwa au zimerejeshwa na hazijaingizwa kwenye akaunti yako. Omba uhasibu wakupe nakala ya barua au orodha iliyoambatana na marejesho hayo. Hiyo ndiyo utakayoipeleka Bodi, ambao wana ofisi hapahapa Dodoma, huna haja ya kupanda basi la Dar es Salaam. Halafu ofisa mikopo akuingize kwenye orodha ya waliorudi kutoka kuahirisha, ili Bodi ilipe ada ya muhula huu, na za mzee zikamilishe. Ankara, vilevile, sifuri.

La tatu ndilo lenye ubishi: chuo kitasema uliutumia muhula, kwa kuwa ulikubaliwa kuahirisha mwezi wa sita, na kwa tarehe hiyo muhula ulikuwa karibu kwisha. Ninahisi ndipo mlipo.

Hapa barua yako ya mwezi wa nne inaamka. Tarehe ya wewe kuomba na tarehe ya wao kukubali ni vitu viwili, na kilichokaa katikati ni vikao vyao. Idara ilipitisha lini, Seneti ilikaa lini, hayo hayakuwa mikononi mwako. Nenda masjala, omba waangalie kwenye daftari la barua zinazoingia ni lini walipokea ombi lako. Kama una nakala yenye muhuri wa kupokelewa, umeshamaliza nusu ya kazi. Kama huna, daftari linatosha, muombe ofisa wa masjala akupe nakala ya ukurasa au akuandikie tarehe na namba. Ongeza karatasi za hospitali zenye tarehe ya mzee kulazwa na kuruhusiwa. Ongeza uthibitisho wa idara kwamba hukufanya majaribio wala mtihani wa muhula ule. Na isome tena barua ya kukukubalia yenyewe, mstari kwa mstari: nyingi huandika muda wa kuahirisha unaanzia lini. Ikisema umeahirisha "muhula wa pili" wa mwaka ule, basi chuo kimeshakubali kwa maandishi yake kwamba muhula huo hukuusoma, na uhasibu hawawezi kusema uliutumia.

Andika barua fupi. Ukurasa mmoja, kwa Makamu Mkuu wa Chuo, kupitia kwa mkuu wa idara yako, nakala kwa Msajili, kwa mhasibu mkuu na kwa ofisa mikopo. Mambo ya mzee yapate sentensi moja, yanatosha. Sehemu ya ombi ningeiandika hivi:

"Ninaomba ada iliyolipwa kwa ajili ya muhula wa pili niliouahirisha kwa idhini ya chuo, yaani shilingi 455,000 kutoka Bodi ya Mikopo na shilingi 195,000 zilizolipwa na mzazi wangu, ihamishiwe kwenye muhula wa pili ninaousoma sasa, na ankara ya shilingi 650,000 ifutwe. Endapo fedha ya Bodi ilikwisha kurejeshwa, ninaomba nipatiwe nakala ya uthibitisho wa marejesho hayo, na jina langu liwasilishwe Bodi kama mwanafunzi aliyerejea masomoni. Wakati suala hili linashughulikiwa, ninaomba kuruhusiwa kufanya mitihani."

Hakuna neno "kurudishiwa" kwa mkono wako humo, na hakuna lawama kwa mtu. Ambatisha risiti ya mzee, taarifa zile mbili, barua ya kuomba, barua ya kukubaliwa. Peleka masjala nakala mbili. Moja ipigwe muhuri mbele yako urudi nayo. Usimkabidhi mtu korido, hata akiwa na tai.

Sentensi ya mwisho ya ombi, ile ya mitihani, ndiyo ya haraka, kwa hiyo usiisubirie barua izunguke. Siku hiyohiyo mtafute Mshauri wa Wanafunzi ukiwa na nakala yako yenye muhuri. Pitia pia kwa Waziri wa Mikopo wa serikali yenu ya wanafunzi. Najua mnawacheka hao mawaziri wenu, lakini wanazijua namba za simu za watu ambao wewe unawasubiri kwenye benchi, na wakienda na kesi tatu nne za aina moja wanasikilizwa kuliko mmoja mmoja. Unachoomba ni ruhusa ya muda. Vyuo huwa vinaitoa kwa mwanafunzi ambaye mgogoro wake upo kwenye maandishi. Kwa mwanafunzi anayelalamika tu ni vigumu kuitoa, maana hakuna karatasi ya kuifungia.

Na usikope kausha damu kulipa ankara ambayo huenda haidaiwi. Ukishailipa, chuo hakina tena sababu ya kuharakisha jibu lako, na wewe utakuwa na deni la tatu, hilo la tatu likiwa na riba inayohesabiwa kwa wiki na watu wanaokuja kubeba simu na godoro. Fananisha na deni la Bodi: tozo ya asilimia 6 ya kutunza thamani ya mkopo ilifutwa mwaka 2021, na faini ya asilimia 10 kwa waliochelewa nayo ikafutwa mwaka huohuo. Yaani 455,000 hata zikikaa kwa makosa kwenye deni lako kwa miezi kadhaa, hazizai. Sikwambii uziache. Ukiajiriwa, kwa sheria utakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Kwa mshahara wa 700,000 ni 105,000 kwa mwezi, kwa hiyo kosa hili moja ni zaidi ya miezi minne ya makato yako. Nakwambia tu kwamba una muda wa kulirekebisha kwa utulivu, na mtu wa kausha damu hana utulivu wa kukupa.

Baba mdogo mwambie, kwa heshima zote, abaki na ng'ombe wake. Nilishaona baba wadogo wengi pale dirishani. Wanapaza sauti, mlinzi anaitwa, na jalada la mtoto linawekwa chini ya mengine. Akitaka kusaidia, akutumie risiti ya benki ya mzee kama iko Kibaigwa, na nauli.

Barua ikikaa bila jibu, rudi masjala kuuliza jalada liko meza ya nani. Swali hilo lina faida kuliko "barua yangu imefikia wapi?", kwa sababu linakupa mtu wa kumfuata. Kama chuo ni cha serikali kina mkataba wa huduma kwa mteja unaotaja siku za kujibu barua, mara nyingi umebandikwa ukutani mapokezi. Utaje kwenye barua ya kukumbushia. Baada ya hapo kuna mfumo wa e-Mrejesho wa kupeleka malalamiko kwa taasisi za umma, ambao unakupa namba ya kufuatilia. Kwa vyuo vikuu, vya umma na vya binafsi, yupo pia Tume ya Vyuo Vikuu, lakini hao watakuuliza kwanza chuo kilijibu nini, kwa hiyo usiruke ngazi. Na dirisha la rufaa la Bodi usihangaike nalo. Lile ni la wasioridhika na mkopo waliopangiwa, halishughulikii ada iliyolipwa. Wanafunzi wengi hujaza humo, wakasubiri, muhula ukaisha.

Chuo kikija na pendekezo la kati, kwamba kitakata kiasi kwa zile wiki ulizohudhuria na kuhamisha kilichobaki, mimi nisingegombana nao sana. Ulikaa darasani, ulitumia maktaba. Ila waandike ni kiasi gani na kwa kifungu gani, na makato hayo yatoke kwenye fungu lipi, la Bodi au la mzee, kwa sababu yakitoka kwenye la Bodi yanabaki kwenye deni lako. Wasipotaja kifungu, waombe wakitaje.

Mwenzako wa chumba asipande kwenye barua yako, kesi yake ni nyingine kabisa. Vyuo vyetu vingi hutoza ada kwa mwaka au kwa muhula, kwa programu nzima. Ukiacha kozi moja ya hiari ukabaki na nyingine, ada haibadiliki hata senti, kwa hiyo hana cha kudai. Yale ya kozi kuwa na bei yake ni ya vyuo vinavyotoza kwa yuniti, na aangalie prospektasi kama chake ni kimojawapo. Wasiwasi wake uwe kwingine: je, kozi ilifutwa kwenye mfumo ndani ya siku za kuongeza na kuacha kozi, au aliacha tu kuingia darasani? Kama aliacha tu, jina lake bado limo, hatakuwa na alama za majaribio, na mwisho wa muhula matokeo yatatoka na kozi aliyodhani ameiacha. Ahakikishe pia kwamba yuniti zilizobaki zinafikia kiwango cha chini cha muhula, maana akipungukiwa akarudia mwaka, mkopo wake unaweza kusimama. Amwone mratibu wa programu wiki hii, kabla usajili wa kozi haujafungwa.

Mama Mhasibu